Nyumba ya Magurudumu Uani kwa Mama

Vardø, Norwe
12 Oktoba 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vidole ndivyo vinavyolalamika. Samaki wa huku hawavihurumii. Goti lako linasemaje? Usinijibu "sijambo" ya heshima, niambie ukweli, maana Aldona wa posta aliniambia kwenye simu kwamba ulishuka ngazi ya ghala kwa makalio.

Sasa tuongee kuhusu gari-nyumba langu. Nililiacha uani kwako mbiombio kwa sababu meli haimngoji mtu, lakini baridi ya kwetu ikilikuta lilivyo, mwakani nitakuta mabati tu. Mwombe mzee Zigmas akusaidie, jirani mwenye mikono ya fundi. Kwanza maji yote yatoke, na siyo yale yanayoonekana peke yake. Kuna tangi chini ya kitanda, kuna bomba chini ya sinki, na kuna maji yanayojificha kwenye pampu. Mabomba yote yaachwe wazi mpaka mwezi wa nne, kwa sababu maji yakiganda ndani yanapasua kila kitu. Betri itolewe ikae jikoni kwako. Magodoro na matakia yaingie nyumbani, la sivyo panya watafanyia harusi humo. Mlango wa friji usifungwe. Weka kitambaa katikati, hewa ipite, isiote ukungu. Matairi yajazwe upepo kuliko kawaida. Breki ya mkono iachiliwe, magurudumu yawekewe magogo. Theluji ikikaa juu ya paa ifagiliwe.

Na usilifunike kwa nailoni. Najua unataka. Usifanye.

Mama, hiki ni kitu cha kwanza kikubwa kuwa changu peke yangu. Kiangazi nitakupakia twende mpaka baharini, ulale ukisikia maji, uchemshe chai bila kutoka nje. Baba alikuahidi safari hiyo miaka thelathini.

Msalimie ndugu yangu Linas, kama siku hizi anapokea salamu zangu.

Mwanao,
Skirmantas


Paežeriai
3 Novemba 1997

Mwanangu Skirmantas,

Marahaba. Hapa tu wazima, mbwa mzima, goti ndilo bado halijaamua. Na huyo Aldona mwambie kazi yake ni barua, siyo makalio yangu.

Jumamosi tulikwenda makaburini kuwasha mishumaa. Baba yako alipata saba, upepo ukazima miwili. Linas alisimama pale muda mrefu kuliko mwaka jana, mikono mfukoni.

Gari lako limeshughulikiwa. Zigmas alilala chini yake nusu siku akitafuta maji, akayapata kwenye pampu ulikosema, yakamwingia mkononi mwa koti mpaka kwapani, akatukana kwa Kirusi kama enzi za Warusi. Betri iko jikoni, nimeifunika taulo, kila mgeni anadhani ni mkate unaoumuka. Magodoro yamo chumbani kwa baba yako. Wanawake wa kanisani wanapita kuangalia hiyo nyumba ya magurudumu. Mmoja aliuliza choo kiko wapi, nikamwonyesha, akasema mtu mwenye akili zake hawezi kuweka choo hatua mbili kutoka kwenye supu. Nilipima, Skirmantas, na kweli ni hatua mbili.

Sasa nina ombi, usikunje uso. Mwezi wa kwanza ziwa likishaganda vizuri, Linas anataka kwenda kuvua huko Luodis, siku tatu tatu, kama alivyokuwa akienda na baba yenu. Mwaka jana alilala kwenye hema, akarudi na kifua kilichokoroma mpaka Pasaka. Ana miaka ishirini na tisa na mapafu ya babu. Gari limekaa bure uani. Yeye hajaniomba, unamjua, ana kiburi cha mbuzi. Ninayeomba ni mimi.

Najua mmekaa miaka mitatu bila kusemezana. Najua alichokuambia pale ulipofika siku mbili baada ya baba yako kuzikwa, kwamba ungebaki huko huko na samaki wako. Yalikuwa maneno ya mtu mwenye uchungu, na wewe ukayahifadhi kama pesa. Damu nzito kuliko maji. Nijibu.

Mama


Vardø
30 Novemba 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Huku jua halichomozi tena, tunaishi kwa taa na kahawa. Barua yako nimeisoma mara tatu na kuitupa mara mbili.

Haya, alichukue.

Lakini asilitumie kama anavyotumia trekta. Baridi ina sheria zake. Mtungi wa gesi wa buluu ni wa kiangazi. Chini ya sifuri gesi yake inalala ndani haitoki, atakaa anatetemeka na mtungi umejaa. Anunue gesi ya propani, hiyo hailali. Asitie maji kwenye tangi, abebe kwenye madumu. Asiliendeshe juu ya barafu hata kama wenzake wanamwita mwoga. Aliegeshe ufukweni, magurudumu juu ya mbao, yasigandie ardhini. Kioo cha mbele ndicho kinachopoteza joto kuliko ukuta wote, nimeacha pazia nene la kukifunika chini ya kiti cha dereva. Asianike nguo zenye maji ndani. Hita aiwashe mapema, gari lishike joto kabla hajavua koti, kisha aipunguze na aiache iwake usiku kucha. Haina neno. Ni ya zamani lakini ndivyo ilivyotengenezwa, mimi mwenyewe nililala nayo safari nzima kutoka Ujerumani.

Mwambie sikumpa kwa kuwa nimesahau. Nimempa kwa sababu kifua kile nakijua, tulilala kitanda kimoja miaka kumi na miwili na yeye ndiye aliyekuwa akinikoholea shingoni.

Tarehe kumi tunatoka kwenda mbali, kaskazini kabisa, huenda mpaka mwisho wa Januari au zaidi. Ukiandika, barua zitaningoja ofisi ya bandari. Mle vizuri mkesha wa Krismasi. Sahani yangu iwekeni mezani.

Mwanao,
Skirmantas


Paežeriai
9 Januari 1998

Mwanangu,

Marahaba, popote ulipo juu ya hayo maji. Mimi mzima, goti limetulia tangu baridi ikaze. Asubuhi leo nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, pua inaganda kabla hujapiga chafya. Sahani yako ilikaa mezani mkesha wote, Linas ndiye aliyeiweka, sikumtuma.

Barua yako nilimsomea. Nilipofika pale pa kukohoa shingoni alitoka nje kuwapa kuku chakula. Kuku walikuwa wamekwisha kula.

Ameondoka leo Ijumaa kwenda Luodis na Zigmas na wenzake watatu. Wale wana mahema, yeye ana jumba. Atarudi Jumatatu. Alisema nikuandikie kwamba yale maneno ya baada ya mazishi hakuyakusudia. Nikamwambia chukua kalamu uandike mwenyewe, mimi si karani wako. Akasema ataandika akirudi, akiwa na samaki wa kusimulia.

Sasa nikwambie jambo ambalo wewe na hao Wajerumani waliotengeneza hilo gari hamkulifikiria. Juzi niliingia humo na mshumaa, nikautembeza ukutani kama marehemu mama yangu alivyonifundisha. Moto ukiyumba, hapo pana upepo. Skirmantas, uliyumba kila mahali! Nikachukua pamba na kisu cha siagi, nikaishindilia kwenye kila mwanya wa dirisha, nikabandika juu vipande vya karatasi kwa gundi ya unga, vile vile ninavyofanya nyumbani kila Oktoba. Kisha nikakutana na aibu yenyewe. Sakafuni karibu na hita kuna mashimo mawili, ngumi nzima inaingia, ukichungulia unaona theluji. Na lingine juu ya jiko, limepasua paa. Nilidhani panya, kumbe yana wavu, kwa hiyo ni kiwanda. Watu wanajenga nyumba halafu wanaacha mashimo sakafuni! Nimeyaziba yote, pamba kilo moja na nusu, nikakandamiza kwa mti wa kupondea viazi, nikarudisha zulia juu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshumaa sasa unasimama wima kama askari.

Linas nilimwambia tu nimelitengeneza lisipitishe baridi. Alipokunywa chai humo kabla ya kuondoka alivua sweta. Mwaka huu kifua chake kitatulia, naona.

Jihadhari na maji.

Mama


TELEGRAMU
Kwa Skirmantas Kairys, ofisi ya bandari, Vardø
12 Januari 1998

LINAS AMEFARIKI. MAZISHI JUMATANO. NJOO. MAMA


Paežeriai
25 Januari 1998

Mwanangu,

Sijui kama uko mzima. Mimi sijui nikoje.

Tulikungoja Jumatano. Ofisi ya meli ilimwambia Aldona kwamba mko mbali na ujumbe utaupata mkitia nanga, lakini mimi nilisema tungoje, labda. Wachimba kaburi walikuwa wamewasha moto juu ya ardhi tangu Jumatatu ili ilainike. Saa nane mchana padri akaniambia, "Stanislava, ardhi inaganda tena." Ndipo tukamzika.

Nakuandikia jinsi ilivyokuwa kwa sababu una haki ya kujua. Jumamosi asubuhi wavuvi walitoka kwenda kwenye matundu yao barafuni, Linas hakutoka. Wakamcheka, wakasema bwana wa jumba anachelewa kuamka. Saa tano Zigmas akaenda kugonga. Hakuitikiwa, akafungua. Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, uso mwekundu mzuri kama mtu aliyetoka kuoga bafu la mvuke. Zigmas alimkaripia. Anasema alimkaripia muda mrefu, akimwita mvivu, kabla ya kumshika. Tangu siku ile Zigmas haongei na mtu ila mimi, na mimi ananiambia hilo hilo.

Daktari alisema ni sumu ya moto, kutoka kwenye hita. Polisi aliandika mistari minne akasema kila msimu wa baridi anapata wawili watatu. Wakalirudisha gari uani. Liko pale, nimefunga pazia la jikoni nisilione.

Mimi nilianua nguo zake kambani nikidhani zimekauka, kumbe bado mbichi, nikazivaa. Sijui kwa nini nakuambia hili.

Nina swali moja tu. Hita ile ilikuwa na nini? Uliniandikia haina neno. Ninayo barua, nimeisoma kwa kidole, neno kwa neno. Niambie ukweli, Skirmantas. Sina mwingine wa kumuuliza.

Mama


Vardø
3 Februari 1998
(haikutiwa posta)

Mama,

Tumetia nanga leo asubuhi. Karani wa bandari alinipa barua zimefungwa kwa mpira, nikakaa kwenye benchi nikazifungua moja moja kwa tarehe, kama ninavyofanya siku zote, nisijimalizie utamu. Mama, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mshumaa wako, kisu cha siagi, watu wote ofisini wakageuka. Kisha nikafika kwenye mashimo ya sakafuni.

Nilisimama. Nikajiambia napiga simu sasa hivi, Aldona akimbie, wamtoe humo. Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango. Sikuifikiria tarehe ya barua, nilisahau kabisa kwamba ni ya Januari tarehe tisa. Karani akaniita, akasema kuna karatasi nyingine umeidondosha. Ilikuwa telegramu.

Umeniuliza hita ilikuwa na nini. Hita ilikuwa nzima. Yale mashimo hayakuwa uzembe wa kiwanda, Mama, yanawekwa makusudi. Hita ya zamani kama ile inavuta hewa ya ndani ya gari, na hewa lazima ipite chini na itokee juu. Moto ukikosa hewa unatoa sumu isiyo na harufu wala rangi, mtu anasinzia tu, anaona raha ya joto. Uliyaziba yote matatu. Na madirisha. Hakubakiwa hata na

Siwezi.

Nimekuandikia kurasa nzima za matairi, friji na mlango wa friji, na sikuandika neno moja kuhusu matundu ya hewa, kwa sababu sikudhani kuna mtu duniani atakayeyaziba. Mimi, niliyekulia nyumbani kwako. Mimi niliyekuwa nikishika bakuli la gundi kila Oktoba huku Linas akikata karatasi.


Vardø
3 Februari 1998

Mama,

Nimetia nanga leo, nimepata barua zote na telegramu. Sina maneno ya pole yanayotosha, nitasema tu jibu la swali lako.

Hita ilikuwa na ufa. Mjerumani aliyeniuzia gari alinionya nibadilishe chumba cha moto kabla ya msimu wa baridi, nikaona nitafanya baadaye. Nilipokuandikia haina neno, nilikuwa najua. Nilidhani ufa mdogo hauwezi kitu.

Wewe, Linas na Zigmas mlifanya kila nilichowaambia, na mlikifanya vizuri. Wewe hukukosea popote. Nataka ulisome hilo mara mbili. Kosa ni langu peke yangu, ukitaka kuipeleka barua hii polisi, ipeleke.

Naomba kitu kimoja. Usiingie ndani ya gari, wala mtu yeyote asiliguse. Nitakuja mwezi wa nne kuliondoa mwenyewe.

Mwanao,
Skirmantas


Paežeriai
22 Februari 1998

Skirmantas,

Ulijua.

Nimekaa na barua yako siku tano nikingoja labda macho yangu yameisoma vibaya. Ulijua, na ukamwambia aiache iwake usiku kucha. Mimi nilikuomba gari kwa magoti, na wewe ulijua.

Siku ya thelathini ilisomwa misa. Nilikuwa nimempa padri majina ya wanaomwombea Linas, la kwako la pili baada ya langu. Leo nimekwenda kumwambia kwamba kwa misa zote zijazo alifute. Aliniuliza sababu, nikamwambia anayemuua mtu kwa uvivu hawezi kumwombea.

Usije mwezi wa nne. Usije kabisa. Usiniandikie.

Polisi sitakwenda. Sitaki watu wajue nilizaa nini.

Stanislava Kairienė


Vardø
12 Aprili 1998, Jumapili ya Pasaka

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua umenikataza. Nataka tu kujua goti lako likoje, na kama kuna mtu wa kukupasulia kuni sasa. Nimemwandikia Zigmas kuhusu kuni, hajanijibu.

Kujitetea sina. Yote uliyoandika ni sawa.

Mwanao,
Skirmantas


Vardø
23 Agosti 1998

Mama,

Nipo hai. Kama barua zangu unazichoma, ichome na hii, lakini isome kwanza.

Mwanao


Paežeriai
18 Oktoba 1998

Skirmantas, mwanangu,

Zigmas anasema nianze kwa salamu kama watu, kwa hiyo salamu. Goti linauma. Kuni alipasua yeye. Barua zako sikuzichoma, zimo kwenye kopo la sukari, hizo mbili nilikuwa sijazifungua mpaka juzi.

Nimeamua majuzi kwamba sitaki msimu mwingine wa baridi na lile gari uani. Nikaita fundi kutoka Utena, kijana wa watu anaitwa Egidijus, alichukue akauze vyuma vyake. Nikamwekea sharti moja. Nilimwambia atoe hita kwanza aniletee, niuone huo ufa kwa macho yangu, maana nimeuchukia miezi minane bila kuuona.

Akaitoa. Akaiweka juu ya meza ya bustani, akaigeuza, akaimulika kwa tochi, akajaza moshi ndani akaziba mdomo tukasimama tukaangalia. Hautoki hata uzi. Akasema, Mama, hita hii itawashwa na wajukuu wako. Nikamwambia tazama tena, mwanangu ameandika ina ufa. Akatazama tena. Alikuwa mpole sana.

Kisha akarudi ndani kung'oa mabomba yake, akakunja zulia. Nilikuwa mlangoni. Alianza kuvuta pamba, ikawa inatoka tu, inatoka, imekuwa ya kijivu. Akapanda kwenye kiti, akagusa juu ya jiko, akavuta na ile. Mimi bado nilikuwa sijaelewa, Skirmantas. Nilikuwa nasikitika kwamba anaharibu kazi yangu nzuri.

Akageuka akaniuliza, "Mama, nani aliyeziba matundu ya hewa? Huyu mtu alitaka kuua?"

Nikasema, "Ni mimi."

Alivua kofia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kile kile, kisha akakumbuka ni kipi akainuka haraka. Akanieleza taratibu moto unakulaje hewa, akaniambia ilikuwa ajali, kwamba hata bibi yake huko Utena angeweza kufanya hivyo hivyo. Nilimshukuru. Nikampa matufaha ya kupeleka nyumbani. Nilimsindikiza mpaka njiani na nikafunga geti, halafu sikumbuki nilifikaje kwa Zigmas.

Kwa hiyo ulijua. Mara ya kwanza nilipoandika neno hilo nililiandika kwa sababu mbaya, sasa naliandika tena. Barua yangu ya Januari ulikuwa nayo mkononi uliponiandikia habari za ufa. Ulinisoma nikijisifu, nikitaja mpaka uzito wa pamba.

Miezi minane nimekuchukia, na nikwambie kweli, nilikuchukia vizuri. Ilinipa nguvu ya kuamka na kukama ng'ombe. Usiku nilipomwona Linas nilikuwa na wa kumlaani. Ulinikatia mtu wa kumchukia ukamtoa kwenye mwili wako, nami nikapokea na sikuuliza bei. Sijui nikushukuru au nikuchape. Mikono inataka yote mawili. Ulidhani mimi mtoto? Ulidhani siwezi kubeba kifo cha mwanangu niliyembeba? Ulidhani nimebakiwa na nini, ukishajiondoa na wewe? Nimekaa miezi yote hiyo nimefiwa na wawili, na mmoja alikuwa hai anauliza habari za goti langu.

Nimekwenda kwa padri. Jina lako limerudi. La kwangu nilitaka lifutwe, akakataa, tukagombana sakristiani mpaka mpiga kengele akachungulia.

Sasa sikiliza, na hili si ombi. Usiniandikie tena kwamba ni wewe. Wala usiniandikie kwamba ilikuwa ajali, hilo nimeambiwa na fundi, nimeambiwa na padri, na Zigmas naye ameanza. Wote wana huruma na hakuna hata mmoja aliyemfahamu mtoto huyo alivyokuwa akikohoa. Wewe ulimfahamu. Kwa hiyo nataka kulisikia kutoka kwako, kwa mdomo wako, usoni mwangu, kwamba ni mimi. Ukishalisema tutajua la kufanya na siku zilizobaki.

Meli yako inarudi mwisho wa mwezi, Aldona amepiga simu bandarini akauliza. Basi la Vilnius linafika hapa Ijumaa saa tisa mchana. Nitakuja kituoni Ijumaa ya kwanza ya Novemba, na usipokuwemo nitakuja ya pili.

Usinikumbatie kwanza. Sema kwanza.

Mama